Gari la Mtumba na Safari ya Macho: Kutoka Nakivale hadi Mbarara

Kutoa gari lililotumika kwa ajili ya wasioona ni namna ya sadaka iliyozoeleka zaidi Marekani kuliko Afrika Mashariki, na utaratibu wake huko ni kwamba mwenye gari asiyelihitaji tena hulikabidhi pamoja na hati yake ya umiliki kwa shirika la hisani, wakala akalipeleka mnadani, na fedha zinazobaki baada ya wakala kuchukua ujira wake zikaingia katika mfuko wa kazi za wasioona. Mtoaji naye hupata nafuu ya kodi ya mapato, yaani sehemu ya kipato chake huondolewa kabla ya kodi kukadiriwa. Lakini sheria iliyopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2005 iliibana nafuu hiyo, kwa kuwa gari bovu lilikuwa likiandikiwa thamani ya gari zima, na tangu hapo, thamani inayodaiwa ikizidi dola 500, kinachotambuliwa kwa kawaida ni kile kilicholipwa mnadani hasa. Katika utaratibu huo asiyeona halipandi gari hilo kamwe, wala hajui lilikuwa la rangi gani. Kinachomfikia ni fedha, na gari lenyewe limekwenda kwa mnunuzi.

Kusini-magharibi mwa Uganda jambo hili lina sura nyingine, kwa sababu huko kinachosimama kati ya mtu na macho yake mara nyingi ni barabara. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, yamo katika wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania, nayo leo yanakaliwa na zaidi ya watu 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, ambao wengi wao hukutana sokoni na kliniki kwa Kiswahili. Makazi hayo hayana uzio kama kambi: yametandaa juu ya vilima na mabonde yanayozunguka ziwa Nakivale, vijiji vyake vimegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na mtu wa kijiji cha mbali huhitaji mwendo mrefu kufika hata kwenye kituo cha afya cha humo humo. Vituo hivyo hutibu malaria, huzalisha kina mama na huchanja watoto. Ila upasuaji wa macho hufanyika Mbarara, ama katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo pia ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, ama katika kituo cha macho cha Ruharo, mali ya Kanisa la Uganda, kilicho kando ya barabara iendayo Bushenyi.

Upofu, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni hali ya mtu ambaye jicho lake lenye nafuu haliwezi kuona katika umbali wa mita 3 kile ambacho jicho zima hukiona katika umbali wa mita 60. Upimaji wenyewe hauhitaji kusoma: mgonjwa huonyeshwa herufi E zilizogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, naye huelekeza vidole vyake upande ambao miguu ya herufi imeelekea, kwa hiyo bibi wa Kikongo na mzee wa Kisomali hupimwa kwa chati moja bila ya mkalimani. Sababu kuu ya upofu nchini Uganda ni mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda ndani ya lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni, hadi mwanga ukashindwa kupita. Ugonjwa huo hauna dawa ya matone wala ya kunywa, lakini una upasuaji ambao kwa daktari mzoefu huchukua dakika chache: jicho hutiwa ganzi, hukatwa tundu dogo, lenzi iliyopofuka hutolewa na ya plastiki huwekwa mahali pake. Kesho yake muuguzi huondoa bandeji, husafisha kope kwa pamba yenye maji ya chumvi, na kumrudisha mgonjwa mbele ya zile herufi E, ambazo jana yake hakujua hata kama zimetundikwa ukutani.

Hapo ndipo hesabu ya nauli inapoanza kutisha, na inafaa ifanywe taratibu. Asiyeona hasafiri peke yake, hivyo nauli ni ya watu 2. Watu hao huenda na kurudi, hivyo nauli zimekuwa 4, na kila moja ina sehemu ya bodaboda kutoka kijijini na sehemu ya gari la abiria hadi mjini. Baada ya wiki kadhaa daktari hutaka kulitazama tena jicho alilolipasua, na nauli hufika 8. Na jicho la pili, ambalo kwa kawaida hupasuliwa siku nyingine, lina safari zake, hata nauli zikafika 16 kwa mtu mmoja. Nyumba inayolipa nauli hizo ndiyo ile ile ambayo tangu mwaka 2023 hupewa mgawo wa chakula au fedha kulingana na daraja lake la uhitaji, baada ya wafadhili wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kupunguza michango yao, kwa hiyo nauli hugombania shilingi moja na unga na maharage. Mzee anayebaki amekaa mlangoni na mboni nyeupe, huku upasuaji ukitolewa kwa bei nafuu au bure mjini, hakukataa matibabu. Wanawe wamehesabu nauli wakaona haitoshi, na ni dhuluma kumwita mtu huyo mzembe, kama wafanyavyo baadhi ya watoa huduma.

Hesabu hiyo huwa nzito zaidi kwa watoto wenye retinoblastoma, saratani inayoota katika utando wa nyuma wa jicho unaopokea taswira, ambayo huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Dalili yake ya mapema ni weupe unaomulika ndani ya mboni, kama jicho la paka usiku, ambao mama ndiye huuona kwanza, mara nyingi anapombeba mtoto karibu na taa. Ruharo imejulikana kwa kutibu ugonjwa huu kutokana na kazi ya daktari Keith Waddell, Mwingereza aliyetibu macho Uganda kwa miongo mingi, na tiba yake, mbali na kuliondoa jicho inapobidi, ni dawa za kuua chembe za saratani zinazotolewa kwa mizunguko, kwa kawaida kila baada ya wiki 3 hivi. Mzunguko ukirukwa, saratani hupata nafasi ya kurudi, na ikipita kwenye mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo huua. Mama aliyepata nauli ya mzunguko wa kwanza kwa kuuza mbuzi huenda hana mbuzi wa mzunguko wa tatu. Kwa mtoto huyo gari ni sehemu ya dawa.

Kwa muda mrefu hospitali za macho zimelijibu tatizo hili kwa kliniki tembezi, yaani kikosi cha mpimaji, muuguzi na dereva kinachotoka mjini hadi kwenye kituo cha afya cha mbali, kikapima watu waliotangaziwa siku hiyo mapema, kikagawa dawa na miwani, na jioni kikawachukua wanaohitaji upasuaji hadi wodini, kisha siku chache baadaye kikawarudisha pamoja. Gari moja linalobeba wagonjwa 10 na wasindikizaji wao hufuta nauli zote zilizotajwa, na zaidi ya hapo huondoa hofu, kwani mtu asiyeona husafiri kwa moyo mkunjufu zaidi akiwa na jirani zake kuliko akiwa peke yake katika stendi ya mji asioujua.

Hata hivyo si kila gari linafaa kazi hiyo, na wapo watoaji wenye nia safi waliozitwisha hospitali mizigo. Barabara za ndani ya makazi ni za vumbi, ambazo katika misimu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Desemba, hugeuka tope linalonasa magari yaliyo chini. Gari dogo la saluni lililozoea lami ya mjini litavunjika springi kabla ya mwaka kwisha. Linalofaa ni basi dogo lililo imara au gari la kupanda vilima, ambalo spea zake hupatikana katika maduka ya Mbarara na ambalo makanika wa kawaida analijua, na hata hilo lipokelewe pale tu ambapo fedha za mafuta, tairi, bima na mshahara wa dereva zimetengwa. Gari lisilo na fungu la mafuta huegeshwa nyuma ya wodi, na huko huota kutu.

Magari mengine yote ni bora yauzwe, na hapa utaratibu wa Marekani una hekima. Gari kuukuu la saluni likiuzwa Mbarara kwa bei ya soko linaweza kulipa nauli za wagonjwa wengi wa Nakivale, bila ya hospitali kubeba gharama ya kulitunza hata kwa siku moja. Wale waliowahi kuishi Nakivale na sasa wamepewa makazi Marekani hawana sababu ya kutamani kulisafirisha gari la huko, kwa kuwa usukani wake uko kushoto ilhali Uganda magari hupita kushoto na usukani hukaa kulia. Tena marekebisho ya sheria ya barabarani ya mwaka 2018 yalizuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kuundwa. Gari liuzwe lilipo, na fedha ndizo zisafiri.

Mtoaji wa Uganda naye anapaswa kuhamisha umiliki rasmi kabla ya kutoa ufunguo, kwa sababu kadi ya gari ikibaki na jina lake, faini za barabarani na kesi za ajali zitamfuata yeye. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda huwatambua watoaji, ingawa kwa kiasi: michango kwa taasisi zilizosamehewa kodi hupunguzwa katika kipato kwa kikomo cha asilimia 5 ya kipato kinachotozwa kodi, na kwa hiyo risiti na hati ya makabidhiano zitunzwe.

Wapo pia wasioona ambao upasuaji hauwarudishii macho, kama walioharibiwa na presha ya jicho, ugonjwa ambao mgandamizo wa ndani huua polepole mshipa wa fahamu wa jicho. Hao huhitaji fimbo nyeupe na mafunzo ya kuitumia katika njia za mawe, ada za watoto wao wasioona, na mtaji wa biashara ndogo, na fungu la mauzo ya magari linawahusu sawasawa na wagonjwa wa wodini. Chama cha Kitaifa cha Wasioona cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1970, huongozwa na wasioona wenyewe, na kamati yoyote itakayosimamia fungu kama hilo kati ya Nakivale na Mbarara ingefaa iwe na wajumbe wa namna hiyo, wakimbizi na raia, ambao watasomewa kwa sauti, au kuandikiwa kwa nukta nundu, yaani maandishi ya vitone yanayosomwa kwa ncha za vidole, bei ambayo kila gari liliuzwa, ujira aliolipwa dalali, na idadi ya wagonjwa waliosafirishwa kwa fedha hizo kwenda na kurudi.