Tusidai Mbolea Peke Yake



Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga, Pemba. Kila tukikutana hapa ughaibuni tunalilia mbolea ya ruzuku. Mwaka 2006, kule Abuja, wakuu wa Afrika waliazimia kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Mwaka ukafika, ukapita, nchi nyingi zikabaki nyuma.

Leo nauliza suali jengine: mbegu je? Kasalath ni mpunga wa kienyeji wa India. Mwaka 2012 watafiti, wakiwemo wa IRRI ya Ufilipino, walitangaza jeni yake, PSTOL1, inayokuza mizizi mapema ili mche upate fosforasi hata kwenye ardhi iliyochoka. Aina kadhaa za kisasa hazina jeni hiyo. Mbegu ikichaguliwa kwenye shamba lililoshiba mbolea, nani ataona mizizi yake ni dhaifu?

Sisemi mbolea haina kazi. Mbegu haiumbi fosforasi. Tukivuna bila ya kurejesha, udongo utafilisika.

Lakini waziri akija kutusalimia, tumuulize: mbegu unazotupa zimejaribiwa kwenye udongo wa nani? Wa kituo cha utafiti, au wa baba yangu?