Mtoto aliyechelewa tusimfiche nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba, Vitshumbi)



Makambi ya pembeni ya Goma, Bulengo, Kanyaruchinya na mengine, yalipovunjwa mwanzoni mwa 2025, tulirudi na watoto waliozaliwa kule. Wengi leo wanakimbia. Wengine hata kukaa bado. Ni hao nataka tuongelee.

OMS ilifuata watoto wa inchi tano, Ghana na Oman ndani yake, ikatoa matokeo 2006. Karibu wote walikaa bila kushikwa mbele ya miezi 10, na kutembea wenyewe mbele ya miezi 18. Mtoto akipita hapo, usiseme «iko muvivu tu, atatembea». Mupeleke kwenye kituo cha afya. Pengine alikosa hewa siku ya kuzaliwa, ao alipata manjano kali, ao malaria ilimupanda kichwani, ao ni njaa. Siyo ulozi. Siyo kosa ya mama.

Kazi ya kine siyo kuvuta miguu kwa nguvu. Anafundisha mwili hatua kwa hatua: kwanza kichwa, kisha kukaa, kisha kusimama. Lakini kine tunamuona mara moja moja. Siku zingine zote ni zetu. Mulaze mtoto kwa tumbo juu ya mapaja yako, umuite ainue kichwa. Mwenye hawezi kukaa, umuchimbie shimo ndogo ndani ya muchanga wa lupango (siyo kwenye ziwa, viboko munavijua), umukalishe humo, umuwekee kikombe mbele akishike. Ukiwa unaparua samaki, muongeleshe. Akianguka kifafa, dawa ndiyo ya kwanza.

Sasa wafadhili. Munatuuliza kama munaweza kutuma viti vya magurudumu. Aksanti sana. Lakini kiti cha mutu mukubwa kinamupinda mugongo mtoto mwenye hajishike, na ndani ya muchanga wetu hakitembei. Kiti kinapimwa kwa mwili wa mtoto, na fundi. Kule Goma, Shirika la Umoja wanajua kazi hiyo. Chenye kinatukosa ni nauli ya kupita Rutshuru mpaka kule, na ya kurudi tena, maana mtoto anakomaa na kiti kinabaki kidogo.

Memba, tuanze sisi wenyewe. Mwenye kuwa na mtoto kama huyo, amulete kwenye mukutano ujao. Hakuna atakayemucheka.