Hesabu ya Kulabu

Somo: Kutoka 38:21–31, 39:32–43, 40:33–35

 

Ziko sura za Biblia ambazo wengi wetu huziruka, na mojawapo ni sura ya 38 ya Kitabu cha Kutoka. Tukifika hapo twakuta vipimo na madini, basi twafunua ukurasa haraka ili tufike penye wingu na utukufu. Leo nawaomba tusiruke.

Hema ya kukutania imekwisha kutengenezwa. Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani wamefanya kazi yao. Tungetazamia sherehe, lakini kinachofuata ni hesabu. Musa anaagiza, na Ithamari mwana wa Haruni anasimamia. Dhahabu ilikuwa talanta 29 na shekeli 730. Fedha ya waliohesabiwa ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775, nayo ilitoka kwa wanaume 603,550, kila mmoja nusu shekeli. Aliye na kalamu na apige hesabu hiyo mwenyewe. Talanta moja ni shekeli 3,000, na jumla itatimia bila kupungua hata shekeli moja. Zile talanta 100 zilifanywa vitako 100. Je, zile shekeli 1,775 zilizobaki? Nazo zimeandikwa: zilikwenda katika kulabu za nguzo, na vitanzi, na kufunika vichwa vya nguzo. Kulabu, ndugu zangu! Katika nyumba ya Mungu mtu alikaa chini akaandika fedha ya kulabu imekwenda wapi.

Nimeifikiria sana hesabu hiyo kwa sababu ya jambo lililoletwa katika ofisi ya parishi. Yuko mama mmoja fundi wa kushona sare za shule, na yuko kijana wa kanisa aliyesomea kazi za kompyuta. Walipatana kijana amtengenezee mama tovuti ya duka lake, mzazi aweze kuona sweta na kaptura na bei zake, na kuagiza akiwa mbali. Walipatana wiki sita. Ikawa miezi mitano.

Nilidhani nitasikia habari za mitambo iliyoharibika. Sivyo. Muda mwingi ulipotea katika kungojea picha na maelezo. Kijana alingoja picha za sweta, na mama ana cherehani nne na wateja mlangoni, picha atazipiga saa ngapi? Kisha kila walipokutana liliongezwa jambo dogo: mwanangu, weka na viatu, mwanangu, weka na mikoba. Kila fundi anayenisikiliza aijua habari hiyo, hata yule wa mawe na saruji.

Basi Januari ikakaribia. Shule zinapofunguliwa ndipo mavuno ya fundi wa sare. Tovuti ilikuwa tayari, lakini ilionyesha bei za zamani. Mama akataka kuzibadilisha, naye hana neno la siri. Kijana akasema, "Mama, nitakupa ukinimalizia salio langu." Mama akajibu, "Nitakumalizia ukinipa kitu kinachofanya kazi." Kila mmoja alikuwa na haki kidogo mkononi mwake, na haki kidogo huwa ngumu kuliko jiwe. Tena walikuwa wakiijia Meza ya Bwana Jumapili ile ile, mmoja akitoka upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, ingawa wote wawili wajua Bwana wetu alivyoagiza katika Mathayo 5 juu ya mtu aletaye sadaka na ndugu yake ana neno juu yake.

Tukaweka karatasi moja mezani tukafanya kama Ithamari. Tuliandika fedha zilizopokewa, ada ya jina la tovuti, ada ya kuihifadhi kwenye seva, na ujira uliobaki. Hilo halikuchukua muda. Kisha tukaandika ni nani ashikaye nini, na hapo chumba kikanyamaza.

Jina la tovuti lenye kuishia na .co.ke, ambalo liko chini ya usimamizi wa shirika la KeNIC, halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Hulipiwa tena muda wake unapokwisha, na anayetambuliwa ni yule aliyeandikishwa kuwa mwenyewe. Jina la duka la mama liliandikishwa kwa jina la kijana na kwa barua pepe yake. Sisemi alikusudia kuiba. Siku ile ilikuwa rahisi kufanya hivyo. Lakini kijana huyo akipata kazi ng'ambo, au Bwana akimwita, kibao cha duka la mama kitakuwa kimebaki mfukoni mwa mtu mwingine. Na katika kompyuta yake zilikuwamo nambari za simu za wazazi, majina ya watoto, shule zao na vipimo vyao. Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo yafaa isomwe na kila mwenye duka. Lakini hata pasipo sheria, kipimo cha kifua cha mtoto wa mwenzako si mabaki ya kitambaa, fundi ajichukulie aende nayo.

Ndipo kijana akasema neno lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: "Kasisi, nikimpa vyote, hatanihitaji tena."

Sikuweza kumcheka. Hofu hiyo ni ya mafundi wengi, na hata sisi makasisi twaijua. Yuko mchungaji aliyehamishwa ambaye kila wiki bado huwapigia wazee wa parishi ya zamani awaulize wamepanga nini. Ufunguo mmoja ameubakiza, ingawa hauonekani.

Nikamfungulia kijana sura ya 39. Kazi yaletwa kwa Musa kipande kwa kipande, mbao, vigingi na mapazia. Musa akaitazama yote, akaona imefanywa kama Bwana alivyoagiza, akawabariki. Tafuta jina la Bezaleli katika sura ya 39 na ya 40, hutaliona. Ametoa kila kitu. Kisha Musa mwenyewe alipomaliza kusimamisha hema, wingu likaifunika, naye hakuweza kuingia. Aliyeipanga nyumba alisimama nje kwa sababu Mwenyewe amekuja. Tena soma 2 Nyakati 1:5. Miaka mingi baadaye, Sulemani alipokwenda Gibeoni, madhabahu ya shaba aliyoifanya Bezaleli ilikuwa ingali pale, na watu wakiitumia.

Kisha nikamgeukia mama, maana naye alikuwa na kulabu zake. Mambo ya Walawi 19:13 yakataza ujira wa kibarua kulala kwetu hata asubuhi. Nikamwuliza, "Mama, kijana huyu ametumia nauli na chakula chake miezi mitano. Vile viatu na mikoba uliyoongeza, uliongeza na malipo?" Akanyamaza. Halafu akatoa simu, akatuma nusu ya salio kwa M-Pesa pale pale, na nusu iliyobaki ikaandikwa kuwa ya mwisho wa mwezi.

Kijana alikwenda dukani alasiri mbili. Jina likahamishwa likawa la mama, maneno ya siri yakabadilishwa mbele yake, orodha ya watoto ikafutwa kwenye kompyuta ya kijana. Mama akabadilisha bei ya sweta kwa kidole chake mwenyewe, akaita wasichana wa cherehani waje waone.

Nitawaambia kweli, tovuti ile haikuleta umati. Wazazi wengi bado huja mlangoni au hupiga simu. Maagizo machache yametoka kwa wazazi walio mbali. Mama asema faida aliyoiona ni kwamba bei zake zote sasa zimeandikwa mahali pamoja, wala wateja wawili hawaambiwi bei mbili. Kijana asema hataanza tena kazi ya mtu kabla ya kupewa picha zote, na kila nyongeza itaandikwa na bei yake. Bado hawaketi upande mmoja kanisani, lakini Jumapili iliyopita niliwaona wakisalimiana uani.

Na tuombe.

Ee Bwana, tunawaombea walio na kazi iliyokwisha ambayo hawajaikabidhi, na funguo zingali mfukoni mwao. Tunawaombea wanaongoja salio, na wale ambao salio hilo liko mkononi mwao leo. Wape kukutana wiki hii, na karatasi moja mezani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.