Waya wa chuma na usalama wa nyumba zetu

Tutazame waya wa chuma unaotoka nje ya nchi. Kabla haujauzwa Rwanda, lazima utimize viwango vya Shirika la Viwango la Rwanda, RSB, na RICA, mamlaka ya ukaguzi na ulinzi wa walaji, ndiyo hukagua bidhaa zinazoingia.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta nyingi hapa Gisenyi. Ili nyumba istahimili mtikisiko kama huo, nguzo lazima ziwe imara, na waya huu wa kufungia nondo zake huzikwa ndani ya zege. Ukikatika fundi anapoukaza kwa koleo, nondo huhama zege linapomwagwa, na nguzo hudhoofika bila mtu kujua.

Kwa upande mmoja, mfanyabiashara analalamika, na ana haki: mzigo umetoka mbali, Mombasa au Dar es Salaam, na kila siku ya kusubiri majibu ya maabara ni hasara. Kwa upande wa pili, mnunuzi hana maabara, anategemea alama ya ubora tu.

Tukumbuke pia: sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 inaruhusu alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe katika nchi nyingine wanachama. Njia ya kupunguza ucheleweshaji ipo.

Swali ni hili: wewe unayejenga, dukani unaulizia alama ya ubora, au bei pekee?