Tezi dume na kisa cha akina mama wa Migori

Mwaka 2016, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani waligawa jamii 12 za kaunti ya Migori mafungu mawili. Kwingine akina mama walipimwa virusi vya saratani ya mlango wa kizazi katika kambi za afya vijijini, kwingine zahanatini. Sampuli walijichukulia wenyewe. Kambini walijitokeza asilimia 60, zahanatini 37. Ila waliokutwa na virusi na kufika kwenye matibabu hawakufikia nusu, huku wala kule.

Mbona nawaleta akina mama kwenye habari ya tezi dume? Kwa sababu baba zetu wataangukia shimo lilo hilo la kupimwa bila kutibiwa.

Mvuvi wa Mbita, Homa Bay, anayeamka mara nne usiku kukojoa husema ni uzee. Pengine tezi imetanuka tu, jambo lisilo saratani na lenye dawa. Kipimo cha damu cha PSA kikipanda, bado si hukumu: hata maambukizi hukipandisha. Ndipo huja picha, kisha kinyama cha kupelekwa maabara. Uingereza, utafiti wa wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume uliotolewa 2023 ulionyesha kuwa baada ya miaka 15, takriban asilimia 97 hawakuwa wamefariki kwa saratani hiyo, hata walioanza kwa kufuatiliwa tu. Lakini wale waligunduliwa mapema, na karibu wote walikuwa Wazungu.

Basi kabla kaunti za Homa Bay na Migori hazijapiga hema la vipimo, zituambie: mwenye PSA ya juu atapokelewa na nani Jumatatu asubuhi, na nauli atalipa nani?