Barua ya Ridhaa Kabla ya Tiketi

Mzazi wa Mbagala, mzazi wa Tegeta, sikiliza. Unasafiri na mtoto nje ya nchi, na mwenzako anabaki? Beba barua yake ya ridhaa. Iseme mtoto ni nani, mnakwenda nchi gani, mnarudi lini, na simu ya anayebaki. Asaini mbele ya wakili. Iambatane na cheti cha kuzaliwa. Afisa Uhamiaji akiuliza, iwe Namanga au uwanja wa ndege, unaitoa. Narudia: barua ya ridhaa, kabla ya kukata tiketi.

Mwenzako amekataa? Tafadhali, usimtoroshe mtoto. Anayeumia ni yeye. Nenda Temeke, Kituo Jumuishi cha Mahakama cha masuala ya familia. Hapo mtasikilizwa wote wawili.