Mgonjwa Asiyesema: Afya ya Mbwa Mdogo wa Nyumbani



Katika nyumba nyingi za mijini, na hata katika nyumba za walimu vijijini, mbwa mdogo amekuwa mmoja wa watu wa nyumbani. Watoto humpa jina, humlisha, humbeba na kucheza naye uani mpaka jua linapokuchwa. Lakini siku anapougua, aghalabu hakuna ajuaye la kufanya. Mmoja husema amekula kitu kibaya. Mwingine husema atapona mwenyewe. Wa tatu huleta kidonge kilichobaki kabatini. Siku ya tatu mbwa hufa, na wazazi hubaki kuwabembeleza watoto wanaolia.

Kisa hicho ni cha kawaida, lakini si cha lazima. Mbwa hana kauli ya kueleza panapomuuma. Hata hivyo mwili wake husema, na amfugaye hana budi kujifunza lugha hiyo. Mwenye kujua jinsi mbwa wake alivyo akiwa mzima ndiye atakayetambua mapema kwamba leo si mzima.

Yapo mambo machache ya kuangaliwa mara kwa mara, na hayahitaji utaalamu. La kwanza ni fizi. Fizi za mbwa mzima zina wekundu hafifu na unyevu. Zikibonyezwa kwa kidole huwa nyeupe, kisha rangi hurudi kabla ya kuhesabu mbili. Fizi zilizopauka zaonyesha upungufu wa damu. Zilizo manjano zaonyesha maradhi ya ini au kuvunjika kwa damu. La pili ni ngozi ya mabegani. Ikivutwa juu na kuachiwa yapasa irudi mahali pake mara moja. Ikikawia, mwili umepungukiwa maji. La tatu ni pumzi: mbwa aliyetulia huvuta pumzi mara 10 hadi 30 kwa dakika. La nne ni joto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, yaani ni zaidi ya la binadamu. Kwa hiyo kiganja cha mkono hakiwezi kupima homa yake, wala pua kavu si ushahidi wa ugonjwa. Kipimajoto ndicho kisemacho kweli.

Wengi husahau kwamba udogo wa mwili wenyewe ni hatari. Mbwa mkubwa anaweza kukosa chakula siku nzima asidhurike sana. Kijibwa cha miezi miwili, cha jamii iliyo ndogo kwa maumbile, kikikaa na njaa kwa saa nyingi huweza kuishiwa sukari mwilini, kikalegea, kikatetemeka na kuanguka. Huyo apakwe asali kidogo kwenye fizi, afunikwe apate joto, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Udogo huo huo ndio unaofanya dawa za binadamu ziwe sumu. Mtu mzima ana kilo 60. Mbwa mdogo ana kilo 4. Kidonge kimoja anachopewa mbwa huyo ni sawa na mtu kumeza vidonge 15 kwa mkupuo. Isitoshe, dawa ya maumivu iitwayo ibuprofeni huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo zake hata kwa kipimo kidogo. Hali kadhalika dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe: tone lisilomdhuru fahali laweza kumwangusha mbwa mdogo. Dawa isiyopimwa kwa uzito wa mgonjwa na mtu anayejua si tiba.

Miongoni mwa maradhi yenyewe, mawili huwaua mbwa wengi wachanga. La kwanza ni minyoo. Mingine huambukizwa kutoka kwa mama kabla mtoto hajazaliwa, na mingine, kama safura, hupitia katika maziwa. Ndiyo sababu watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo tangu wiki ya pili, na tumbo lililovimba juu ya mbavu nyembamba lisichukuliwe kuwa ni dalili ya shibe. La pili ni ugonjwa wa parvo, uliotambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kote kwa muda mfupi. Mbwa huacha kula, hutapika, kisha huhara damu yenye harufu kali. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Kinachookoa maisha ni maji yanayoingizwa mwilini mapema, na hiyo ni kazi ya daktari. Virusi hukaa katika udongo kwa miezi mingi, hivyo mbwa mwingine asiyechanjwa asiletwe katika ua ule ule. Chanjo huanza katika wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa mpaka wiki ya 16.

Kwa mbwa aliyekua, adui wa kila siku ni kupe. Hujificha masikioni na katikati ya vidole, mahali ambapo jicho la haraka halifiki. Homa, fizi zilizopauka na mkojo wenye rangi ya kahawa ni dalili kwamba vijidudu walioletwa na kupe wanavunja damu. Ugonjwa huo hutibika ukiwahiwa. Na jike mdogo anyonyeshaye, katika wiki za kwanza baada ya kuzaa, huweza kutetemeka na kukakamaa kwa kupungukiwa madini ya kalsiamu. Wapo wanaodhani amepagawa. Hajapagawa; sindano ya daktari humwinua, bali saa chache za kusubiri humuua.

Yote yaliyosemwa hadi hapa humtaka mwenye mbwa asogee karibu, aangalie na aguse. Uko ugonjwa mmoja unaomtaka afanye kinyume: arudi nyuma. Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa.

Watu wengi humfahamu mbwa mwenye kichaa kuwa ni yule akimbiaye mitaani na kuuma kila akutanacho. Huyo yupo. Lakini yupo wa pili, aliye kimya. Hujificha chini ya kitanda, hukataa chakula, sauti yake hubadilika, taya la chini hulegea, mate hutiririka, wala hawezi kumeza. Mwenye nyumba, kwa huruma, hudhani kwamba mfupa umemkwama kooni. Humpanua kinywa na kutia mkono autoe. Mfupa haupo, yapo mate yenye virusi, na mkononi upo mchubuko mdogo uliosahauliwa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba inayotegemewa.

Kwa hiyo mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate na kushindwa kumeza, asiguswe. Afungiwe chumbani, watoto waondolewe, na afisa mifugo aitwe. Ni heri mbwa mwenye mfupa wa kweli angoje saa moja kuliko mzazi kuingia hatarini. Mtu aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Asipake pilipili, udongo wala mafuta. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje: mbwa huangaliwa kwa siku 10 huku mtu akiwa tayari ameanza sindano.

Inakadiriwa kwamba kichaa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Nao ni ugonjwa unaozuilika. Katika kisiwa cha Pemba uambukizaji ulikatizwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Ukaingia tena mwaka 2016, na uchanjaji ukaukomesha mwaka 2018. Funzo lake ni wazi: chanjo ya jana haimlindi mbwa aliyezaliwa leo. Mbwa hupata chanjo ya kwanza akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari anavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka.

Mwalimu ana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu watoto ndio wachezao na mbwa, na ndio wanaoficha jeraha wakiogopa kuchapwa au kuogopa mbwa wao atauawa. Mtoto aliyefundishwa darasani kusema siku ile ile kwamba ameumwa, na mzazi aliyezoea kusikiliza bila kugomba, huweza kuokoa maisha. Mbwa hasemi. Mtoto anaweza kusema, ilimradi asiogope.